Mahali Unapolala Mshale

Kiswahili kimeupa upinde heshima ya majina. Kamba yake ni upote. Mti wa mshale ni wano. Chuma cha mbele ni chembe. Mfuko wa kuichukulia mishale ni podo, na wapo waliouita ziaka. Mwishoni mwa wano yapo manyoya, na nyuma ya manyoya upo ufa mdogo unaopachikwa juu ya upote. Ila ipo sehemu moja ambayo haikupata jina lililozoeleka, nayo ni pale ambapo ubavu wa mshale hugusa upinde kabla ya kuruka. Kukosekana kwa jina hilo si umaskini wa lugha. Mahali hapo palikuwa mkono wa mtu, na mkono una jina lake tayari.

Huko Marekani, ambako mamilioni ya watu huwinda kwa upinde, mahali hapo leo ni kifaa kinachouzwa peke yake, kwa maumbo mengi na kwa bei zilizopishana mno. Katika makala haya kitaitwa kilalio. Mwindaji aingiaye dukani kununua kilalio hudhani kwamba anachagua kipande cha chuma au cha plastiki. Kwa hakika analijibu swali lililowashughulisha wapiga mishale wa Misri ya Wamamluki, wa Istanbul, wa Uingereza, wa nyika za Tsavo na wa mabonde ya California: mshale upite wapi, iwapo upinde wenyewe umesimama njiani?

Swali hilo si la mzaha. Upote ukivutwa na kuachiwa hurudi kuelekea katikati ya upinde, na katikati ya upinde pana mti mnene ulioshikwa na mkono. Mshale basi hauwezi kukaa kwenye mstari wa upote. Hukaa pembeni kidogo, na ncha yake huelekea kando ya shabaha. Kwa hesabu ya kawaida ungepaswa kwenda kando. Nao hauendi kando. Mpiga mishale hodari huupeleka pale anapopatazama, na watu walifanya hivyo kwa maelfu ya miaka bila ya kuhitaji maelezo.

Maelezo yalikuja katika miaka ya 1930. Clarence Hickman, mwanafizikia aliyefanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell na ambaye mapenzi yake makubwa yalikuwa upinde, aliielekeza kamera ya kasi kubwa kwenye mshale unaoachiwa. Picha zikaonyesha jambo ambalo jicho halikuweza kuliona. Mshale unaposukumwa ghafla kutoka nyuma hujikunja mithili ya samaki: kwanza huukumbatia upinde, kisha hujipinda upande wa pili, hata mkia wake wenye manyoya ukapita bila ya kuugusa mti. Huendelea kutikisika hivyo hewani kwa mwendo wa mita kadhaa, ndipo unyooke. Wano likiwa laini mno, hupinda kupita kiasi na kupotea. Likiwa gumu mno, halipindi, na mkia hugonga upinde. Ugumu wa wano, nguvu ya upinde na mahali pa kulalia ni mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na hakuna anayeweza kulibadili moja akadhani mawili yamebaki kama yalivyokuwa. Jambo jingine lililodhihirika ni kwamba mshale huegemea kilalio katika sehemu ya kwanza tu ya safari yake fupi. Kazi ya kilalio ni kuupokea mshale kisha kuuacha uende zake, na ubora wake wote umo katika huko kuacha.

Waingereza waliulaza mshale juu ya mkono mtupu. Manowari ya Mary Rose ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, ikaibuliwa mwaka 1982, na ndani yake zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Pinde hizo ni miti ya myuu iliyochongwa kwa ustadi mkubwa, mirefu kuliko mtu, na haina kibao, haina pengo, haina chochote cha kuushikilia mshale. Mwaka ule ule wa 1545 Roger Ascham alimtunukia Mfalme Henry VIII kitabu chake *Toxophilus*, na humo akaigawa sanaa ya upinde katika mambo matano: kusimama, kupachika, kuvuta, kushikilia na kuachia. Kulaza mshale hakukupewa mlango wake. Mshale ulipita upande wa kushoto wa upinde, juu ya fundo la kidole cha shahada, na kidole kilijua la kufanya. Bei ya ujuzi huo ililipwa kwa ngozi, kwa kuwa unyoya hufungwa kwenye wano kwa mgongo wake, na mgongo huo usipolainishwa vizuri mbele huchana kidole kama kijisu. Baadaye sana, pinde zilipokuwa mchezo wa mabwana na mabibi wa karne ya 19, mafundi walizoea kupachika kipande kidogo cha ganda la chaza linalong'aa ubavuni mwa upinde, juu tu ya mkono, ili mti usilike kwa kusuguliwa. Hicho kilikuwa pambo zaidi kuliko kilalio.

Mashariki mambo yalikuwa kinyume, kwa maana halisi ya neno kinyume. Mturuki, Mwarabu, Mwajemi na Mmongolia waliuvuta upote kwa kidole gumba kilichovishwa pete ya pembe au ya jiwe, na mshale wao ukapita upande wa kulia wa upinde, juu ya gumba la mkono wa kushoto. Sababu ni nyepesi kueleweka kwa aliyewahi kujaribu. Vidole vitatu vinapouvuta upote huusokota kidogo upande mmoja. Gumba huusokota upande mwingine. Na kila kabila la wapiga mishale liliuweka mshale upande ule ambako msokoto huubana kwenye upinde badala ya kuusukumia nje. Mpanda farasi hawezi kuomba mshale utulie. Anahitaji mkono wa kulia uusaidie kukaa, hata farasi akiwa mbioni.

Na huko huko mashariki ndiko kilalio cha kwanza chenye jina kilikozaliwa. Waarabu walikiita *majra*, yaani njia ya kupitia, neno la ukoo mmoja na *majira*, ambayo kwa mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki ni mwelekeo wa chombo baharini. Majra ilikuwa mfereji mwembamba wa mti au mwanzi uliolazwa juu ya upinde. Ndani yake mshale mfupi mno, ambao upinde mkubwa usingeweza kuupiga kwa njia ya kawaida, uliweza kuvutwa hadi mwisho na kuruka mbali. Adui asiyekuwa na majra hakuweza kuurudisha mshale huo kwa upinde wake. Hiyo ilikuwa nusu ya faida. Taibugha, aliyetunga utenzi wake wa mafunzo ya upinde katika dola ya Wamamluki kwenye karne ya 14, alikuwa mwalimu miongoni mwa walimu wengi wa zama hizo walioona fani hii inastahili kuandikiwa tungo na sherehe zake. Si haba kukumbuka hapa kwamba elimu ya vita ilipata kuhifadhiwa kwa mizani na vina.

Waturuki wakaliendeleza wazo hilo kwa ajili ya kupiga masafa. Walitengeneza *siper*, kibao kidogo cha pembe au gamba la kobe, chenye mfereji juu yake, kinachofungwa kwa ukanda kwenye mkono unaoshika upinde. Kwa siper ncha ya mshale mfupi iliweza kuvutwa hadi nyuma ya upinde, juu ya mkono, bila ya kuuchoma. Katika uwanja wa Okmeydanı, Istanbul, yalisimamishwa mawe ya kumbukumbu mahali ilipoangukia mishale ya mabingwa, na baadhi ya masafa hayo yalizidi mita 800. Mwishoni mwa karne ya 18 Mahmud Efendi, katibu wa balozi wa Uturuki mjini London, aliwaonyesha wapiga upinde wa Uingereza jambo hilo kwa macho yao. Mshale wake ulikwenda zaidi ya yadi 480, nao, waliojiona warithi wa sanaa ile, hawakuwa wamezoea hata kuikaribia hesabu hiyo. Walitazama upinde wake mfupi wakastaajabu. Waliostahili kustaajabiwa zaidi ni kile kibao kilichofungwa mkononi mwake.

Majra na siper, hata hivyo, hazikuwa vyombo vya mwindaji. Mwindaji hapigi mbali, anakaribia. Na kisa cha kilalio cha mwindaji wa leo kinaanzia mahali pasipo na kibao wala pete, kwa mtu aliyebaki peke yake.

Tarehe 29 Agosti 1911, karibu na mji wa Oroville, California, alionekana mtu mmoja wa makamo, mwenye njaa, asiyejua Kiingereza. Alikuwa wa mwisho katika Wayahi, watu ambao walikuwa wameuawa na walowezi kwa mashambulizi ya miaka ya 1860 na baada yake, hata mabaki yao yakajificha vichakani kwa muda wa miongo kadhaa. Hakumwambia mtu jina lake. Mwanaanthropolojia Alfred Kroeber akampa jina la Ishi, ambalo katika lugha yake lina maana ya mtu. Alichukuliwa San Francisco, akakaa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California, na jirani na jumba hilo kulikuwa na daktari wa upasuaji, Saxton Pope. Pope alimtibu Ishi, na Ishi akamfundisha Pope upinde.

Upinde wa Ishi ulikuwa mfupi na bapa, wa mti wa mreteni, mgongoni umebandikwa kano za mnyama. Aliushika kwa wepesi, hakuufumbata; aliulaza kwa mshazari mbele ya kifua chake, si kuusimamisha kama Mwingereza, na mara nyingi alipiga akiwa amechutama. Kwa kuwa upinde ulikuwa umelala, mshale ulikaa juu ya ubapa wake kwa uzito wake wenyewe, na vidole viliugusa kidogo tu, huku na huku, usiteleze. Pope aliyaandika haya kwa uangalifu wa daktari. Yeye mwenyewe aliuvuta upinde mrefu kwa vidole vitatu, mtindo wa Kiingereza, mshale juu ya fundo la kidole, na wote wawili walipiga pamoja kwa miaka, kila mmoja kwa mkono wake. Anayesoma maandishi ya Pope huona kwamba katika kulenga shabaha za mchezo daktari alimshinda mwalimu wake, ila katika kumkaribia mnyama hakumfikia. Mwezi Mei 1914 walikwenda pamoja hadi bonde la Deer Creek, nchi aliyozaliwa Ishi, na huko mwenyeji aliwaonyesha namna ya kuwaita na kuwanyemelea wanyama.

Ishi alifariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916. Maiti yake ilichomwa pamoja na mmoja wa pinde zake, mishale mitano, kikapu cha unga wa matunda ya mwaloni, shanga za kome na tumbaku. Ubongo wake ulikuwa umekwisha kutolewa na ukapelekwa Washington, kinyume cha walichotaka baadhi ya rafiki zake, na haukurudishwa kwa watu wa ukoo wa karibu na wake ili uzikwe mpaka mwaka 2000. Historia ya vyombo vidogo mara nyingi hupita juu ya makaburi ya namna hii, na si haki kupita bila kusimama.

Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu chake juu ya kuwinda kwa upinde na mshale, na mwaka 1925 yeye na rafiki yake Arthur Young walikuja Tanganyika, wakati huo chini ya utawala wa Waingereza, kuwinda simba kwa mishale. Pamoja nao alikuwapo mwandishi Stewart Edward White, mtu wa bunduki hodari, na bunduki yake haikukaa bure. Simba waliuawa kwa mishale. Wengine iliwabidi wamalizwe kwa risasi. Kitabu kilichotoka mwaka 1926 kinayasimulia hayo. Mwaka huo huo Pope akafariki.

Haikosi kuchekesha kidogo kwamba wageni hao walileta upinde katika nchi ambayo haijapata kuuacha. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi waliwinda kwa upinde kabla ya Pope kuzaliwa na wanawinda kwa upinde hadi leo. Kaskazini mwa mpaka, katika nyika za Tsavo, Wawaata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, walivuta pinde zenye uzito wa zaidi ya ratili 100 na kuwaua ndovu kwa mishale ya sumu, hata kampeni kubwa ya askari wa wanyama ya miaka ya 1956 na 1957 ilipowajaza magerezani. Pinde hizi zote hazina kilalio. Mshale hupita juu ya mkono, kama kwenye Mary Rose. Lakini chembe kimepakwa sumu, kwa Wawaata ile ya msunguti, ambayo huusimamisha moyo. Na kwa sababu ngozi ya mkono ndiyo njia ya mshale, sumu hiyo hufungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi, isikauke na isimguse mwenyewe, mpaka saa ya kutumika. Wano hutengenezwa na mtu yule yule atakayelipiga. Hulinyosha kwa moto na kwa meno, hulipima kwa jicho, na likimgomea hulitupa akachonga jingine. Upinde, mshale na mkono hukua pamoja tangu utotoni, kwani mtoto wa Kihadzabe hupewa upinde wake mdogo akiwa bado hajafikia umri wa kwenda shule.

Tofauti iliyopo hapa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mshale wa sumu ukiingia vya kutosha na sumu ikakutana na damu, kazi imekwisha, hata kama umeingia kwa upogo. Wamarekani hawakutumia sumu. Mshale wao huua kwa makali peke yake: chembe kipana, chenye wembe, hukata mishipa na mapafu, na mnyama hufa kwa kuvuja damu. Ili ufanye hivyo hauna budi kuingia ndani sana, na hauingii ndani sana usipokwenda umenyooka. Mshale unaofika huku mkia umekwenda upande hupoteza nguvu yake kwa kujipinda ndani ya nyama, hukomea kwenye mbavu, na mnyama hukimbia nao akafie mahali ambako hataonekana. Hii ndiyo sababu jambo dogo kama kilalio liliwashughulisha kiasi kile. Palipokosekana sumu, unyofu wa mshale ulichukua nafasi ya sumu.

Arthur Young alikuwa mzungumzaji na mpiga filamu. Katika miaka ya 1920 filamu yake ya uwindaji wa Alaska ilionyeshwa mjini Detroit, na miongoni mwa watazamaji alikuwamo kijana fundi aitwaye Fred Bear. Bear akaanza kutengeneza pinde, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa biashara tangu mwaka 1933, na katika miongo iliyofuata yeye na wenzake waliubadili upinde wa Marekani. Waliunenepesha mpini, kisha wakakata pengo ubavuni mwake mpaka karibu na katikati, ili mshale usizunguke sana. Chini ya pengo hilo kikabaki kijirafu. Hapo ndipo mshale ulipouaga mkono. Lakini kijirafu cha mti kikavu kilipiga kelele na kukwaruza, kwa hiyo kikavishwa ngozi, au manyoya mafupi ya mnyama, au zulia. Wengine walibandika unyoya mgumu uliosimama kama brashi, mshale ukalala juu ya unyoya. Mikono yao ilikumbuka ulaini wa kitu walichokiacha.

Mashaka yaliongezeka plastiki ilipoingia. Unyoya wa ndege ukigusa kijirafu hulala na kupita. Bawa la plastiki halilali, hugonga, na mkia wa mshale hurushwa juu. Ilibidi mshale uinuliwe kutoka kwenye kijirafu na kukalishwa juu ya ukucha mwembamba wa waya au plastiki unaojikunja pale bawa linapopita. Karibu na mwaka 1970 kikaongezwa kitufe chenye springi kilichopenya ubavu wa upinde. Kitufe hiki hubonyea kidogo mshale unapokisukuma katika ile minyumbuko aliyoipiga picha Hickman, na ugumu wa springi huweza kuzidishwa au kupunguzwa kwa kukaza skrubu. Tendo ambalo nyama ya kidole ilikuwa ikilifanya bila kuulizwa, sasa likapata skrubu na kipimo.

Mwanzo mwingine ulikuwa umekwisha kutokea. Mwaka 1966 Holless Wilbur Allen, fundi wa jimbo la Missouri, aliomba hataza ya upinde wenye magurudumu kwenye ncha, akaipata mwaka 1969. Kwa watu wa visiwani haihitaji maelezo marefu, kwani kanuni yake ni ile ile ya kapi inayoinua tanga. Upinde wa kapi ukishavutwa hadi mwisho hulegea, na mtu huweza kuushikilia kwa sehemu ndogo tu ya uzito wake. Pamoja nao kikaenea kifyatulio, kifaa kinachofungwa kifundoni mwa mkono na kuushika upote mahali pa vidole. Vidole vilikuwa vinausokota upote, kwa hiyo mshale ulikuwa ukijikunja kushoto na kulia. Kifyatulio hakisokoti. Mshale sasa hujikunja zaidi juu na chini, na vilalio vyote vilivyobuniwa kwa ajili ya kuupokea ubavuni vikawa vimejibu swali la jana.

Vikazaliwa vipya. Cha kwanza kilikuwa na meno mawili yanayoushika mshale kutoka chini, yamekaa juu ya springi. Cha pili ni duara la nywele ngumu za nailoni, kama brashi iliyotobolewa katikati, ambalo mshale hupita ndani yake. Cha tatu huunganishwa kwa uzi na kamba za upinde: upinde unapovutwa huinuka na kuubeba mshale, unapoachiwa huanguka, na manyoya hayakuti kitu njiani.

Mwindaji wa leo huchagua kati ya hivyo, na wauzaji humsifia kile cha tatu, kwa sababu hakigusi kitu na mshale huenda safi. Ni kweli. Lakini wauzaji hupiga mishale ndani ya ukumbi wenye taa. Mwindaji wa kulungu huko Michigan hukaa juu ya mti tangu kabla ya alfajiri, baridi imemshika, vidole vimekufa ganzi, na pengine saa nne hupita bila ya mnyama kuonekana. Anapotokea, mtu hutetemeka, kwa baridi na kwa jambo jingine lisilokuwa baridi. Mshale uliolala juu ya meno mawili huanguka hapo. Nao ukianguka hugonga chuma, na kulungu haoni haja ya kungoja kujua ni nini. Kilichounganishwa kwa uzi kina uzi wa kukatika, na springi ya kugandamana kwa barafu. Brashi haina kinachosogea. Mshale ukishaingia haudondoki hata upinde ukipinduliwa chini juu, ingawa nywele zake husugua mabawa, huchakaa, na mvua ya theluji ikiganda ndani yake huwa kama msasa. Mwenye kupiga kwa mita 15 au 20 hahitaji ule unyofu wa ziada anaouhitaji mpiga shabaha wa mita 70; anahitaji mshale uwepo pale alipouacha. Kwa mwindaji wa aina hiyo, brashi isiyo na fahari imestahili sifa kuliko ilizopewa. Kwa yule apigaye kwa vidole, upinde wa mti, mshale wa manyoya, kijirafu kilichovishwa ngozi kingali kinatosha, na hakuna sababu ya kumuuzia kingine.

Njia ya kujua kama uchaguzi ni sahihi haina gharama. Karatasi hutandwa kwenye fremu, mshale hupigwa katikati yake kutoka mita mbili au tatu, na tundu husomwa. Tundu moja la mviringo lenye mikato mitatu ya manyoya lasema kwamba mshale umepita umenyooka. Mpasuko mrefu wa kulia au kushoto, wa juu au chini, husema mkia uko wapi kichwa kinapoingia. Hapo mtu husogeza kilalio kwa nusu ya milimita, hupiga tena, na tena. Chembe kipana hakisamehe, kwa kuwa wembe wake mbele ya mshale hufanya kazi ya bawa, na upogo mdogo ambao chembe cha mazoezi kingeuficha, hicho huutangaza.

Kisha yapo masikio ya mnyama. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, mshale wa upinde wa kapi kiasi cha mita 80 au 90. Kwa hiyo mlio wa upinde humfikia kulungu kabla ya mshale, naye hujikunyata ili aruke, na katika kujikunyata hushuka. Mshale uliolengwa mapafuni hupita juu au hupiga uti wa mgongo. Mlio huo haukomeshwi. Unaoweza kukomeshwa ni mlio wa kabla yake, ule mkwaruzo wa wano la kaboni likivutwa polepole juu ya chuma, ambao katika ukimya wa asubuhi ya msituni husikika kama mtu anayenoa kisu. Kwa hiyo hata anayenunua kilalio cha bei kubwa kabisa hukifungua nyumbani, hukata kijipande cha ngozi laini au kitambaa kizito cha sufu, hukipaka gundi, na kukibandika pale mshale utakapolala, akikibonyeza kwa gumba mpaka kishike.